Siku Tuliyomhitimisha Mume Wangu

Kiingereza nilikijua kabla sijamwona Mwingereza kwa karibu, na nilikijua kwa sababu ya mapenzi. Nalisema hili wazi kwa kuwa wako watu hapa Juani wanaodhani nilijifunza kwa kiburi. Kiburi ninacho, sikatai, lakini si hicho kilichonikalisha chini kutenganisha maneno ya watu wa mbali. Nilikuwa mke kijana, sijapata mtoto bado, na nilimpenda mume wangu mpaka nikawa naona haya mbele ya mama yake. Nilitaka abaki nyumbani. Hayo tu ndiyo niliyoyataka.

Ulikuwa ule wakati Mwingereza amekwisha kumtoa Mdachi, yaani Mjerumani, kisiwani. Mdachi alikuwa ametuzoesha amri zake, mara akaondoka, akaja mwingine na amri nyingine na lugha nyingine. Vita vyenyewe vilihamia bara, upande wa Rufiji, na siku ambazo bahari imetulia tulisikia mizinga kutoka ng'ambo. Kisha ikaja habari kwamba wanatakiwa wanaume wenye nguvu wakachukue mizigo ya jeshi huko bara. Jumbe wetu akapita nyumba kwa nyumba akiwatazama wanaume mabega, kama anayechagua boriti. Alipofika kwetu akamtazama mume wangu, kisha akamgeukia mama yake, yaani mkwe wangu.

"Huyu mwanao atakwenda," alisema. "Labda awe anajua Kiingereza. Anayejua Kiingereza anakaa Kilindoni bomani na Bwana Mkubwa, wala habebi kitu."

Sijui neno hilo alilitoa wapi, na nadhani hata yeye hakujua. Lakini mkwe wangu alilishika kwa mikono miwili. Huyo ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki, na baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mume wangu mwenyewe alikuwa fundi wa kusuka madema, mitego ile ya fito ya kutegea samaki, na hakuna alichokitaka duniani zaidi ya fito zilizonyooka na kahawa ya tangawizi. Nikimkumbuka sasa, naanza kuikumbuka mikono yake: vidole vyenye mikwaruzo, na kucha zilizokatwa fupi kabisa.

Mwalimu tuliyempata hakuwa na kitabu. Alikuwa bibi mmoja tuliyemwita shangazi, ingawa hakuwa ndugu yetu wa damu. Alizaliwa nyumbani kwa babu yake mume wangu, kwa wazazi waliokuwa watumwa wa nyumba ile, akachukuliwa Unguja angali msichana, akawa yaya wa watoto wa Kiingereza. Alilea watoto wa watu mpaka mgongo ukapinda, kisha akarudi Juani na sanduku moja la bati. Hakujua kusoma herufi za Kiarabu wala za Kizungu. Kiingereza chake chote kilikuwa masikioni, na kwa miaka mingi hakuwa na wa kukisema naye.

Mkwe wangu hakuwa na desturi ya kumwomba mtu kitu, sembuse mtu aliyezaliwa uani kwao. Siku hiyo alijitanda kanga mpya akaenda, nami nyuma yake. Shangazi alimwacha asimame kitambo kizuri kabla ya kumpa kigoda.

"Nitamsomesha," alisema. "Lakini nitamsomesha kama asomeshwavyo mtoto wa chuo. Na akihitimu, nataka haki yangu ya mwalimu hadharani, watu wote waone."

Nieleze hapa jambo ambalo vijana wa leo wanaliona la mzaha. Kwetu, mtoto akipelekwa chuoni kusoma Kurani, anakuwa wa mwalimu mpaka amalize. Akimaliza, huvikwa kanzu na kilemba, hupelekwa kwa ubani na nyimbo, husoma mbele ya watu, mwalimu hupewa zawadi yake, kisha mwalimu humshika mtoto mkono na kuutia mkononi mwa mzazi. Hapo mtoto amerudi kwao. Hapana anayeweza kumdai tena. Hivyo ndivyo tulivyoelewa maana ya kusoma na kumaliza, na hivyo ndivyo mkwe wangu alivyoelewa siku ile aliposema, "Hadharani, naam. Nimekubali."

Tulisoma uani kwetu, mume wangu akisuka na shangazi akisema, nami nikikuna nazi karibu yao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika penye maneno yenye sauti moja. Shangazi alikuwa ametufundisha kwamba sii ni kuona. Asubuhi moja akasema sii ni bahari.

"Shangazi, umekwisha kusema sii ni kuona," mume wangu alisema.

"Na bahari pia."

"Kwani Mzungu kapungukiwa maneno?"

"Na wewe umepungukiwa? Kaa wa pwani na kaa la moto unavitenganishaje? Au huwasha jiko kwa kaa wa pwani?"

Nilicheka mpaka nikaangusha kifuu. Mume wangu alinuna, kisha naye akacheka, na siku nzima kila aliponipita jikoni alikuwa akiniuliza kama kaa wangu wameshika moto.

Kumbe yalikuwa mengi. San ni jua, na san ni mtoto wa kiume. Hiya ni hapa, na hiya ni kusikia. Mit ni nyama, na mit ni kukutana. Flawa ni ua, na flawa ni unga, na hilo shangazi alilijua kwa machungu. Siku zake za kwanza Unguja, bibi wa nyumba alimtuma akalete flawa upesi, naye akachuma asumini sahani tele, akaipeleka jikoni ambako wageni walikuwa wakingojea mkate. Alitusimulia kwa kucheka, lakini alijigusa shavu alipofika mwisho wa kisa, nami nikaelewa kwamba bibi yule hakucheka.

"Usilitazame neno," alikuwa akituambia. "Tazama limefuatana na nani. Flawa akija na mkate, huyo ni unga. Akija na nywele, huyo ni ua. Neno halitembei peke yake. Ukimsikia peke yake, nyamaza, ngoja wenzake wapite."

Ubaya ni kwamba shangazi mwenyewe alikuwa akisema kwa mikono. Akisema san ya mtoto, mkono wake ulishuka kwenye kimo cha mtoto. Akisema san ya jua, kidevu kilipanda. Mume wangu akazoea kusoma mikono badala ya kusikia, na mimi nikamwona. Nikamwambia, Bwana Mkubwa hatakupungia mkono, tutafanyaje? Ndipo tukaanza kwenda Kua.

Kua ni ule mji mkongwe uliobomoka, upande wa pili wa kisiwa chetu. Watu hawaendi ovyo, na hiyo ndiyo sababu iliyotupeleka, maana mume wangu aliona aibu kusikiwa na majirani akitamka maneno yale. Kuna nyumba za mawe zisizo na mapaa, vyumba vyake vimesimama bado, na mizizi imejipenyeza ndani ya kuta. Yeye alisimama chumba kimoja, mimi cha pili, ukuta katikati, hatuonani. Mimi nasema, yeye anajibu ni lipi. Nilisema, "Ai sii yu," yeye akajibu, "Kuona, na ni uongo, hunioni." Nilisema sii ina samaki, akajibu bahari. Nilipokosea mimi alifurahi kuliko alipopata yeye. Sauti yake ilikuja juu ya ukuta, na kwa kuwa sikumwona, niliisikia vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa nzito kidogo mwanzoni mwa maneno na nyepesi mwishoni. Ningetoa kila nilicho nacho niisikie tena, hata ikinitukana.

Siku moja nilisema ninataka san. Nikasikia kijiwe kikianguka upande wake.

"Lipi?" akauliza. "Jua liko juu ya kichwa chako."

"Unajua ni lipi."

Akazunguka ukuta, akaja. Masomo ya siku hiyo yaliishia hapo.

Shangazi aliposema mwanafunzi wake ameiva, mkwe wangu akaanza matayarisho. Palikuwa na swali moja tu: ahitimishwe mbele ya nani? Kurani husomwa mbele ya walimu na wazee. Lakini Kiingereza nani kwetu angekijua hata aseme umekosa au umepata? Mkwe wangu akaamua, na hakuna aliyempinga, wala mimi. Lugha ni ya Mwingereza, basi apelekwe kwa mwenyewe. Asikilizwe, Mwingereza aridhike, amtoe kwa mkono wake ampe mamaye, na jambo liishe. Shangazi, aliyekaa na Waingereza miaka mingi, angeweza kutuambia kwamba wao hawana desturi hiyo. Lakini yeye alikuwa hajawahi kushangiliwa na mtu tangu azaliwe, na siku ile ilikuwa yake. Hata leo siwezi kumkasirikia.

Tulivuka asubuhi kwa mashua hadi kisiwa kikubwa, tukashuka Utende, tukaenda kwa miguu hadi Kilindoni. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe na kilemba, jasho likimtoka, mtu mzima mwenye ndevu amepambwa kama mwali. Wanawake walibeba sinia ya halua na chetezo cha ubani. Shangazi alitangulia mbele, amevaa kanga mbili mpya tulizomnunulia, hatazami kushoto wala kulia. Watu wa Kilindoni walitoka kutazama, wakadhani ni arusi.

Bwana Mkubwa alitoka barazani na kijiko cha uji mkononi. Alikuwa kijana, ngozi ya pua inambanduka. Shangazi akamwamkia kwa Kiingereza, na yule kijana akababaika, akaweka kijiko chini. Akamwambia mume wangu aseme. Mume wangu akasema. Akaulizwa, akajibu. Nadhani yule Bwana alitaka kumtega, maana alianza kumchanganyia maneno yale yale yenye sauti moja, sii kwa sii na hiya kwa hiya, na mume wangu akayapokea moja moja akayatenga, kama achambuaye mchele. Mikono yake ilikuwa nyuma, imetulia. Nilisimama kati ya wanawake nikiyasema yote kwa ndani pamoja naye, na hakukosa hata moja. Bwana Mkubwa akapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Hapo mkwe wangu akasogea mbele. Akanyoosha mkono wake wa kulia, kiganja juu, kama anyooshavyo mzazi, akingoja kutiliwa mkono wa mwanawe.

Mzungu akautazama ule mkono. Kisha akaushika yeye, akautikisa, akacheka kwa furaha, akasema jambo la kumsifu mama kwa kuzaa mtoto kama yule. Mkwe wangu hakuwahi kushikwa mkono na mwanamume asiye wake. Alibaki amesimama, mkono ungali hewani hata baada ya kuachiwa, akimtazama shangazi amwambie kilichotokea. Shangazi alikuwa akisikiliza anachosema Bwana Mkubwa kwa askari wake, na uso wake ulibadilika kabla ya wetu. Bwana Mkubwa alikuwa akisema kwamba mtu kama huyu ni hasara kumweka Kilindoni, penye kazi ndogo. Jeshi la bara linatafuta wakalimani usiku na mchana. Ataondoka na kundi lile lile la wapagazi wa kisiwani, na hatabeba kitu.

Hilo la kutobeba kitu lilikuwa kweli. Siku walipoondoka, wenzake walikuwa na kamba mabegani, yeye ana kofia tu. Sisi wanawake tulisimama mbali, chini ya minazi, hatukuruhusiwa kusogea. Alinitafuta kwa macho akanipata. Hakusema hata neno moja la Kiingereza siku hiyo. Alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu, bila haya, "Mke wangu, usiache mlango wa uani wazi, mbuzi wataingia." Wenzake wakamcheka. Mimi nilielewa alichotaka kusema, na nikaufunga mlango ule kila siku.

Nikaanza kungoja. Watu hudhani kungoja ni kukaa. Kwangu ilikuwa kazi. Kila nikikuna nazi nilisema naye kwa Kiingereza, nikauliza na kujibu. Jioni nilikwenda kwa shangazi anifundishe zaidi, kwa kuwa nilijua huko aliko anajifunza kila siku, na sikutaka akirudi anikute nyuma. Niliona fahari mapema: atavuka, ataingia uani, nami nitamwamkia kwa maneno asiyodhani ninayo. Shangazi alinifundisha mpaka pumzi ikamwishia, maskini, na neno la mwisho alilonisahihisha lilikuwa dogo sana hata silikumbuki. Baada ya hapo sikuwa na wa kusema naye. Lugha nzima ikabaki kinywani mwangu, na mwenye kuisikiliza yuko ng'ambo. Nilimtamani mpaka mwili ukauma. Nilinusa kilemba chake mpaka harufu ikaisha, kisha nikaendelea kunusa kitambaa.

Vita vilikwisha. Wakaanza kurudi watu wa makundi mengine, wamekonda, hawapendi kuulizwa. Wa kundi letu hawakurudi. Tukakubaliana, sisi wake wa kundi lile, twende Kilindoni tukaulize wenyewe. Mkwe wangu magoti yalikuwa yamekwisha, akabaki.

Bwana Mkubwa alikuwa mwingine, mtu mzima, mwenye kikohozi. Karani wake alikuwa kijana kutoka Unguja. Tulipiga magoti barazani, tukasema haja yetu. Karani akageuka akamweleza. Bwana Mkubwa akajibu polepole, huku akitutazama sisi na si karani, kwa sauti ya upole kabisa. Akasema ni lile kundi la Rufiji. Akasema homa na njaa, mvua zile. Mkalimani wao pia. Akasema, "Dei a ol ded." Kisha akamwambia karani asituambie leo, hajui aanzie wapi na wanawake wengi hivi, tungoje mpaka amri rasmi ije.

Karani akatugeukia. "Bwana Mkubwa anasema habari bado haijafika. Rudini, mvute subira."

Wenzangu wakashukuru. Nami nikashukuru.

Njia ya kurudi Utende sikuiona. Wenzangu walikuwa wamechangamka, maana habari ambayo haijafika si habari mbaya, na mmoja alikuwa akihesabu kuku wake, yupi wa kuchinja mumewe akija. Mimi nilikuwa nikitafuta. Nililichukua lile neno la mwisho, ded, nikalizungusha, nikalitafutia pacha. Kama sii wako wawili, na san wako wawili, na unga una jina la ua, basi Waingereza wangekosaje kuwa na ded nyingine? Huenda ni wagonjwa. Huenda ni waliochelewa. Nikapita maneno yote aliyonipa shangazi, moja baada ya moja, nyumba kwa nyumba. Nikayatazama na yale yaliyofuatana nalo: homa, njaa, mvua. Nilipofika kwenye maji nilikuwa nimemaliza. Halina pacha. Mmoja wa wenzangu akaniuliza kama mguu unaniuma, mbona nimenyamaza, nikasema unaniuma.

Usiku ule nilivua vipuli, nikavua bangili, nikafuta wanja. Nikakaa juu ya mkeka ndani, eda. Sikujua amekufa lini, wala nani alimwosha kama alioshwa, basi nikaanza kuihesabu tangu siku ile niliyosikia.

Mkwe wangu ndiye aliyenikuta, asubuhi, kabla sijapata la kumwambia. Alisimama akishika mwimo wa mlango.

"Nani kakwambia?"

"Mwingereza, mama."

"Kakwambia wewe?"

"Hakuniambia mimi. Nilimsikia."

Alikaa chini karibu nami, kwa shida kwa ajili ya yale magoti. Hakupiga ukelele. Nilimshika mkono, ule wa kulia, naye akauacha mkononi mwangu. Nje tulisikia wenzangu wakija na vikapu vyao kunichukua twende pwani kuokota kombe, wanacheka, wanaita hodi.

Nilitaka kumwambia mama awaambie naumwa. Nilitaka wapate siku moja zaidi. Lakini yule mwenye kuku alikuwa amekwisha kuingiza kichwa, akaona masikio yangu matupu na mkeka, na wenzake wakaja nyuma yake mmoja mmoja, wakaweka vikapu chini. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Ni wako peke yake?"

Nikasema, "Wote."